Gari Lilipogoma na Baba Ninjin

Siku baba Ninjin alipoacha kuwepo, ng'ombe walirudi peke yao.

Walitoka mtoni jua likiwa bado juu, na pua zao zilikuwa zimeshika barafu. Barafu puani maana yake wamekunywa. Nikajua amefika, ametoboa tundu kwa mtaimbo wake, amewanywesha wote. Nikaendelea kuchemsha chai, nikamwekea bakuli lake karibu na jiko.

Waliosoma wiki iliyopita wanajua tulivyomkuta. Alikuwa ameketi kando ya lile tundu, mtaimbo mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake. Moyo, alisema daktari. Jina lake silitaji, maana kwetu aliyeondoka haitwi kwa jina, asije akageuka. Namwita baba Ninjin, kama nilivyomwita alipokuwa hai.

Nililia siku ile moja tu. Kisha mavyaa wangu, bibi Dulam, mama wa marehemu mume wangu, akanishika kidevu.

"Basi, Khorol. Machozi yako yanamfanyia mto mbele yake. Atavukaje?"

Nikanyamaza. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kunyamaza, na ndiyo sababu naandika.

Nilieleza pia neno alilonitupia mavyaa siku ya pili ya msiba, tukikoroga unga pamoja. Baba Ninjin alikuwa mtoto wake wa pekee. Mimi ni mtu wa kusini, wa jangwa la Gobi, nimeolewa huku kaskazini kwenye baridi. Ninjin wetu ana miaka sita.

"Ukitaka kurudi kwenu, njia ni nyeupe," alisema mavyaa bila kuniangalia. "Lakini mtoto ni wa jiko hili."

Moyoni nilikwishakata shauri: siku arobaini na tisa za msiba zikiisha, namchukua mwanangu tunaenda kwa mama yangu. Hakuna sheria ya kunizuia. Kingeweza kunifunga kitu kimoja tu, nacho hakikunijia akilini.

Sasa nieleze habari ya gari.

Lama Choijil, kasisi wa Kibudha wa hapa kwetu, alitazama nyota za marehemu akatupa masharti. Atoke asubuhi, kabla jua halijagusa paa la shule. Akishapakiwa asishushwe, maana anayeshushwa hurudi kuchukua mwenzake. Gari lisigeuke nyuma. Na dereva awe mtu aliyezaliwa mwaka wa Tumbili, katika ile miaka yetu kumi na miwili ya wanyama.

Katika ukoo mzima Tumbili mwenye gari alikuwa mmoja: Enebish, mtoto wa kaka yake mavyaa, anayeishi mji mkuu. Akapigiwa simu. Akafika jioni ya mkesha na pikapu lake linang'aa kama bakuli la fedha.

Babu Sodnom, jirani yetu, dereva wa malori tangu enzi za Warusi, alilizunguka lile gari mara mbili.

"Umelipitisha wapi hili, mjukuu wangu? Kwa kinyozi?"

"Nimeliosha, babu. Hapo mji wa mkoa, kwenye gereji ya joto. Siwezi kumbeba kaka yangu kwenye gari la matope."

"Huko mjini mnaosha magari. Huku tunayapasha moto."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, cha kuficha mdomo. Enebish akaliegesha gari kando ya uzio. Nikiwa ndani ya hema nilisikia kitu kinakwaruza, krr, krr, krr. Nikadhani ni komeo la geti.

Asubuhi wanaume wanne walimtoa, kichwa mbele. Wakampakia, wakamfunika kitambaa cha buluu. Lama alisimama kando, pumzi inatoka kama moshi wa bomba. Kwetu wanawake hatufiki makaburini. Tunaishia getini. Nilisimama pale nimemshika Ninjin mkono, mavyaa yuko kushoto kwangu na ndoo ndogo ya maziwa ya kumnyunyizia njiani.

Enebish akawasha. Injini ikakubali mara moja, maana ilikuwa imelala na blanketi la sufi. Akatia gia. Gari likainua pua, likatetemeka, likazimika.

Akawasha tena. Likatetemeka, likazimika.

"Gia gani hiyo?" akauliza babu Sodnom.

"Ya kwanza, babu. Kwani nimeanza leo kuendesha?"

"Tia magurudumu yote manne."

Akatia. Gari likajivuta hatua moja, na kilio kikatoka nyuma, kilio kirefu cha mpira juu ya theluji ngumu. Magurudumu ya mbele yanazunguka, ya nyuma yamekaza kama miguu ya mbuzi anayeburuzwa machinjoni.

"Zima! Zima!" Mavyaa alipiga kelele. "Mwanangu haburuzwi kama mzoga!"

Ninjin akanivuta mkono.

"Mama, kwa nini gari linalia?"

"Lina baridi."

Hapo ndipo krr, krr, krr ya jana ikanirudia. Nikamwachia mtoto, nikaenda dirishani kwa Enebish. Nikamwambia polepole, watu wasisikie.

"Shemeji, jana ulivuta handbreki?"

Huku hakuna anayevuta handbreki majira ya baridi. Gari unaliacha kwenye gia na jiwe chini ya gurudumu. Ukiivuta, umande ulioingia kwenye dramu ya breki, ndani ya gurudumu, unaganda usiku na breki zinashikana na chuma kama ulimi kwenye mtaimbo. Na yeye alikuwa ametoka kuliosha kwa maji. Lakini mjini analaza gari kwenye gereji yenye joto, juu ya mteremko. Huko mkono unavuta wenyewe.

Enebish akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Shemeji, mimi nimeendesha gari tangu nina ndevu tatu. Nivute handbreki kwenye baridi hii? Mimi mtoto?"

"Basi ni nini?"

Akatazama nyuma kwenye kitambaa cha buluu, akatazama watu. Watu wote wanamtazama yeye.

"Sijui," akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Jana lilikuwa zima. Tangu nimpakie, halitaki."

Neno hilo likapita katikati ya watu kama upepo wa mlangoni. Halitaki. Mwanamke mmoja akarudia. Halitaki. Mwingine akasema, siyo gari lisilotaka.

Babu Sodnom hakungoja. Alikwenda kwake akarudi na tochi ya moto, ile ya petroli tunayopashia injini, inanguruma.

"Dakika mbili chini ya dramu, na twende zetu."

"Moto?" Mavyaa akasimama mbele yake na ndoo ya maziwa. "Moto chini ya mwanangu? Sodnom, umezeeka au umelewa?"

Babu akamtazama lama. Lama Choijil akatikisa kichwa. Moto ni kitu safi, haupelekwi karibu na maiti. Babu akaizima tochi, na ngurumo ile ilipokatika ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa nimeitegemea.

Hatuwezi kumshusha. Hatuwezi kumburuza. Hatuwezi kuwasha moto. Dereva mwingine hayupo. Nikatazama shule. Mwanga ulikuwa umeshika ncha za mlima nyuma yake na unateremka.

Enebish akaleta birika la maji ya moto akamwagia gurudumu la nyuma. Mvuke ukapanda. Kabla haujaisha, maji yakawa ndevu za barafu zinazoning'inia kwenye rimu.

"Umeipikia breki supu," akasema babu Sodnom. "Sasa imeshiba, haiendi kokote. Chukua nyundo, ulale chini kama mwanaume."

"Babu, mdomo haujawahi kusukuma gari."

"Wala sabuni haijawahi."

Enebish akalala chini na nyundo. Kishindo baada ya kishindo, chuma kwa chuma, na kila kishindo kitambaa cha buluu kinatikisika juu ya baba Ninjin. Niliyatazama yale matikisiko. Nilitamani kupanda nikamshike miguu, kama nilivyokuwa nikimshika akikohoa usiku. Lakini lama alikuwa amemkataza mtu aliyezaliwa mwaka kama wangu kumgusa.

Nyundo ikanyamaza. Enebish akatoka chini, theluji mgongoni. Mavyaa alikuwa amekwenda upande ule, nikadhani anamfuta. Alimwekea mkono begani, akamwambia neno. Enebish akapanda akaketi kwenye usukani.

"Sukumeni!" mavyaa akasema.

Wanaume wakaweka vifua nyuma ya gari, babu Sodnom katikati yao. Injini ikanguruma. Mishipa ya shingo ikawatoka. Gari halikusogea hata unywele.

"Tena!"

Halikusogea.

Mavyaa akaweka ndoo chini.

"Mnachoka bure," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Mwanangu ana neno. Lama, si kweli kwamba mtu huzuiwa na neno?"

Lama Choijil alitazama jua kabla ya kumjibu. Ni kijana, aliletwa kwetu mwaka juzi tu, na asubuhi ile alionekana kijana zaidi.

"Hutokea," akasema. "Moyo ukishika kitu, mwili hukawia. Mwenye neno naye amwambie sasa. Muda unakwisha."

"Sikieni basi." Mavyaa akanigeukia. "Aliacha mtoto mmoja. Hajui mtoto huyo ataota moto wa nani. Mimi namjua mwanangu. Hilo tu ndilo linalomshika. Mwambie, Khorol."

"Nimwambie nini, Mama?"

"Unajua."

Watu wote wakanitazama. Hakuna aliyenitazama kwa ubaya. Hilo ndilo gumu kulieleza. Walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeshika ufunguo na wewe upo nje kwenye baridi.

"Mama," nikasema, "breki zimeganda. Aliosha gari akavuta handbreki."

"Nimevuta mimi?" Enebish akatoa kichwa dirishani, lakini hakunitazama machoni. "Shemeji, mbele ya marehemu?"

"Mwanangu yuko kwenye chuma," mavyaa akasema, "na mke wake anazungumza habari za breki."

Mwanga ukagusa bomba la moshi la shule. Chini ya bomba lile ni paa.

Ninjin akaja akanikumbatia mguu. "Mama, baba hataki kwenda? Ana hasira na sisi?"

Nyinyi msomao mtasema, ungekataa. Nyinyi mmekaa kwenye joto. Mimi nilikuwa namtazama mtoto anayeanza kuamini kwamba baba yake amekwama kati ya hapa na huko kwa ajili yake. Angekua na wazo hilo. Angelala nalo.

Nikaenda nyuma ya gari. Nikasogeza mdomo karibu na kitambaa bila kukigusa.

"Baba Ninjin," nikasema, "nenda kwa amani. Mtoto atakaa kwenye jiko la mama yako."

"Kwa sauti," akasema mavyaa.

Nikarudia kwa sauti.

"Haya, jaribu tena," mavyaa akamwambia Enebish.

Gari likaondoka. Halikutetemeka, halikulia. Liliteleza kama sleji ya barafuni iliyopakwa mafuta, wanaume nusura waanguke kifudifudi. Wanawake wakashika midomo. Mmoja akapiga magoti kwenye theluji. Mavyaa akanyunyizia maziwa njiani, hatua chache tu kutoka getini, huku akitembea kwa haraka nyuma ya gari, na mimi nikasimama pale pale. Lilipopita shuleni, paa lilikuwa bado na kivuli.

Kwa hiyo alifika kwa wakati wake. Kwa hilo nashukuru, na sitaki mtu aseme sishukuru.

Waliporudi, tuliwawekea mioto miwili midogo getini wapite katikati, na mimi nikawa wa kumimina maji mikononi mwao, maji yaliyofukizwa kwa majani ya mreteni, mti wa kutakasia. Mmoja mmoja alikuja, akanawa, akasema, "Amelala vizuri," akaingia kunywa chai.

Enebish alikuja wa mwisho.

"Shemeji," akasema. "Niliivuta."

"Najua."

"Hujui." Akatazama hema, mlango umefungwa. "Yale magurudumu yaliachia. Nilisikia mwenyewe nikiwa chini, la kushoto kisha la kulia, tak, tak. Nikatoka nimwambie kila mtu. Shangazi akanishika bega. Akasema, panda, kanyaga breki, usiachie mpaka nikwambie."

Nikaweka birika chini.

"Wote wanasukuma," akasema, "na mimi nimekanyaga. Nilimkanyagia kaka yangu, shemeji. Nilimshikilia kwa mguu wangu."

"Ingia ndani uwaambie hivyo hivyo."

"Niwaambie?" Akarudi nyuma. "Niseme nilimzuia marehemu saa yake? Nani atanipa mkono tena katika nchi hii? Mama yangu anakula kwa ng'ombe wa shangazi. Hapana. Nimekwambia wewe ili nilale. Usiniombe zaidi."

Akaingia.

Nikabaki na mioto miwili inayozimika. Na hapo nikaiona tena theluji ya asubuhi, nyuma ya gari, walipokuwa wanasukuma. Ilikuwa nyekundu. Magoti ya wanaume yalikuwa mekundu. Mtu hakanyagi breki bila taa za nyuma kuwaka, na taa zile zilikuwa mbele ya macho ya babu Sodnom, pembeni ya shavu lake, dereva wa malori wa umri wote huo.

Nikamngoja atoke. Alitoka na bakuli la chai, akajifanya anatazama mawingu.

"Babu. Ulikuwa katikati, nyuma ya gari."

"Nilikuwepo."

"Uliona taa?"

Akanywa chai. Akanywa tena, na bakuli lilikuwa tupu, nililiona.

"Mwanangu," akasema, "macho yangu hayafai. Tangu kiangazi sioni vizuri vitu vyekundu."

"Mimi sikusema nyekundu."

Babu Sodnom akafunga kola ya koti lake.

"Yule bibi amezika mtoto wake wa pekee leo," akasema. "Mimi si wa kumzika na yeye." Akaenda kwake.

Niliingia kwenye hema la mavyaa, jirani na letu, ng'ambo ya uzio. Watu walikuwa wameanza kuondoka. Mavyaa alikuwa kwenye jiko, anakoroga chai kwa upawa, anauinua na kuumwaga, anauinua na kuumwaga, kama asubuhi zote. Nikasimama karibu naye mpaka tukabaki wawili.

"Mama, Enebish ameniambia."

Upawa haukusimama.

"Nilijua atakwambia. Ana moyo mwepesi tangu mdogo."

"Ulinidanganya mbele ya mwanao."

"Sikumdanganya mwanangu. Yeye alikuwa anajua." Akaonja chai, akaongeza chumvi. "Marehemu mume wangu aliendesha lori miaka mingi, Khorol. Unadhani sijui sauti ya breki ikiachia? Nilisikia kabla ya Enebish. Nikasimama pale nikafikiri: gari hili likitoka sasa, kila kitu changu kinatoka nalo. Wewe una mama. Una kwenu. Una umri wa kuolewa tena. Mimi nina nini?"

"Una mjukuu. Ningemleta kila kiangazi."

"Kila kiangazi." Akarudia bila dhihaka, kama anapima uzito wa kitu. "Na baridi?"

Nikachochea moto wa jiko.

"Ulitoa ahadi kwa mtu aliyekuwa anaondoka, na ahadi hiyo haivunjwi," akasema mavyaa. "Wote walisikia, na gari likaenda. Nenda kwa lama ukitaka. Nenda kwa wakili wa mkoa. Mtoto mwenyewe alikuwepo. Utamwambia nini? Kwamba ulimwambia baba yake uongo ili aondoke?"

Ninjin alikuwa amelala kwenye kitanda cha upande wa mashariki, na viatu vyake miguuni. Mavyaa alimvua kimoja, mimi nikamvua kingine. Hatukutazamana.

"Enebish anarudi mjini keshokutwa," akasema mavyaa. "Mkaangie maandazi ya njiani. Na nguo za mtoto zilete huku."

Nilizileta. Ninjin sasa analala kwenye hema la bibi yake, mimi nalala kwenye letu, na uzio uko katikati. Enebish bado hajaondoka; bado anaweza kusema.